Mgao: Nani Azimiwe Taa Kwanza?

Katika lugha yetu kuna neno moja lililobeba mambo mawili yanayopingana, na tumelizoea mpaka hatulisikii tena. Neno lenyewe ni mgao. Mgao wa mirathi, mgao wa pilau ya harusi, mgao wa faida katika chama cha ushirika: hapo mgao ni kupata. Lakini mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba kuna mgao, hatakuuliza anapata nini. Atakuuliza umeme unakatika saa ngapi. Mwaka 2006, mwaka 2011, na tena mwishoni mwa 2023 kuingia 2024, neno hilo lilikuwa na maana hiyo moja tu. Bila ya kukusudia, Kiswahili kikawa kimesema jambo ambalo vitabu vya uhandisi nilivyosomeshwa huku ughaibuni havikulisema waziwazi, kwamba kukata umeme ni kugawa. Na panapogawiwa kitu, pana swali la haki.

Nimefanya kazi ya umeme zaidi ya nusu ya umri wangu. Siku hizi kila mkutano ninaohudhuria unazungumzia umeme wa jua na wa upepo, na nchi jirani kuunganisha nyaya zao ili zisaidiane. Hayo ni mambo mema na mimi ni mmoja wa wanaoyashabikia. Ila mazungumzo yote ni ya siku ya neema: megawati ngapi, mikopo mingapi, nani atauza na nani atanunua. Siku ya shida haina msemaji. Nami nadhani ushirikiano wowote wa umeme, wa mtaa au wa mataifa, unajulikana ni ushirikiano wa kweli au wa karatasi siku ile umeme usipotosha.

Niwaeleze kwanza kuhusu orodha. Katika gridi yoyote, mitambo yote mikubwa huzunguka kwa mwendo mmoja, kama watu wanaotwanga kinu kimoja kwa michi mingi. Kwetu na hapa Uingereza mwendo huo ni hezi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde. Mtambo mmoja ukizimika ghafla, mwendo unapungua kila mahali kwa wakati mmoja. Mbeya na Tanga zinahisi papo hapo. Ukipungua mno, mitambo iliyobaki hujitoa yenyewe ili isivunjike, na nchi nzima inaingia gizani. Ili hilo lisitokee, kwenye vituo vya kupozea umeme kuna vifaa viitwavyo rilei ambavyo vimeamriwa mapema: mwendo ukishuka kiasi hiki, kata laini hizi, ukishuka zaidi, kata na hizi. Kabla hujamaliza kupepesa macho mtaa mzima umezimwa, na hakuna binadamu aliyebonyeza kitu. Uamuzi ulishafanywa siku nyingi, na mtu aliyekaa mezani na kalamu.

Orodha ya mtu huyo ni waraka wa maadili hata kama imeandikwa kwa namba tupu. Hospitali kuu haimo, na ni sawa. Ikulu haimo. Kambi za jeshi hazimo. Kiwanda chenye mkataba maalumu hakimo. Baada ya hapo ndipo wanapokuja watu. Sasa laini inayolisha hospitali hulisha pia nyumba zilizo jirani nayo, na miji yetu ilivyopangwa tangu enzi za wakoloni, jirani wa hospitali kuu mara nyingi si maskini. Mtu wa pembezoni, ambaye nguzo zilimfikia juzi, laini yake ni ndefu, haina hospitali wala kiwanda, basi ni rahisi kuikata. Hakuna aliyekaa akasema tumwonee maskini. Kila hatua ina sababu yake ya kitaalamu, na mwisho wa sababu zote maskini ndiye aliyezimiwa.

Waingereza angalau wameiweka orodha yao hadharani, ingawa hawakuuliza mtu walipoitunga. Majira ya baridi ya 2022, gesi ilipokuwa adimu kwa sababu ya vita vya Ukraine, magazeti yalianza kuwaambia watu watazame bili zao, maana kila anwani ina herufi yake, na herufi hiyo ndiyo zamu yako ya kukatiwa umeme saa tatu. Watu walishangaa! Miaka yote wanalipa bili, hawakujua wamo kwenye orodha. Zamu hazikuhitajika mwishowe.

Wako watakaoniambia kwamba shida hizi ni za kupita. Tanzania imemaliza bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, megawati 2,115, mitambo yote tisa ikiwa tayari mwaka 2025, na Kenya ina mvuke wa Olkaria. Nami nafurahi. Lakini mgao wa 2006 na wa 2011 ulikujaje? Mvua zilikosekana na mabwawa yakapungua maji. Umeme wa maji, wa jua na wa upepo una tabia moja ambayo dizeli haina, nayo ni kwamba hauamrishiki. Jenereta ukiona umeme hautoshi unaongeza mafuta, maana uhaba unajificha nyuma ya pesa. Jua likizama limezama. Kwa hiyo tunapohama kutoka kwenye mafuta, uhaba unaacha kuwa ajali na unakuwa sehemu ya mwendo wa siku na wa mwaka, kama kiangazi kwa mkulima au maji kupwa kwa mvuvi. Betri na mabwawa husaidia, lakini nayo ni ghala, na ghala ina siku yake ya kuisha.

Wengi wenu mna jamaa Unguja, hamhitaji kusimuliwa habari za 2008. Kebo ya chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, iliyolazwa mwaka 1980, ilikuwa ndiyo mshipa mmoja wa umeme wa kisiwa kizima. Mwezi Mei 2008 ikaharibika, kisiwa kikakaa gizani kama mwezi mmoja. Desemba 2009 ikaharibika tena, na safari hiyo ilikuwa takriban miezi mitatu, hadi Machi 2010. Pemba, ambayo wakati huo iliendeshwa na majenereta yake, ikawa inawaka taa, jambo ambalo Wapemba hawakuacha kuwakumbusha jamaa zao.

Kwa mhandisi, giza lile lilikuwa sawa kwa wote: sifuri ni sifuri. Kwa watu wa Unguja halikuwa sawa hata kidogo. Hoteli za kitalii zilikuwa na majenereta. Mwenye duka kubwa alinunua lake. Pampu za maji zilisimama, na waliobeba ndoo ni akina mama na watoto wa mitaa ambayo haina kisima. Mshona nguo mwenye cherehani ya umeme, fundi wa kuchomelea, kinyozi, wote walikaa barazani. Mwaka 2014 mtafiti wa uchumi, Alfredo Burlando, alionyesha kwamba watoto waliokuwa matumboni wakati wa giza la 2008 walizaliwa na uzito mdogo zaidi, na akahusisha jambo hilo na kipato kilichokatika katika nyumba zilizotegemea kazi za umeme. (Huyo huyo aligundua pia kwamba miezi minane hadi kumi baadaye waliozaliwa waliongezeka. Sina la kusema hapo.) Uzito wa mtoto mchanga ukalipia kebo ambayo mama yake hakuwahi kuiona. Baadaye zikaja kebo mpya, ya Tanga hadi Pemba mwaka 2010 kwa msaada wa Norway, na ya pili ya Unguja, megawati 100, mwaka 2013 kwa fedha za Marekani. Kebo ziliongezeka. Suala la nani abebe giza lijalo halikujadiliwa popote ninapopajua.

Na si kwamba watu wetu hawajui kugawana uhaba. Wasomaji mlioko Oman mnapita karibu na darasa lake kila siku. Falaj ni mfereji unaoleta maji kutoka mlimani, mwingine chini kwa chini kilomita nyingi. Kuna karibu 3,000 zinazotumika hadi leo, na tano kati yake, pamoja na Falaj Daris ya Nizwa, ziliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Tazama maji yanavyopita. Kabla hayajagusa shamba la mtu, yanafika mahali pa kuteka maji ya kunywa, palipo wazi kwa mwenye hisa na asiye na hisa, kwa mwenyeji na mpita njia. Kisha msikitini na pa kuogea. Baada ya hapo ndipo yanapoingia mitende. Hiyo ni orodha ya kipaumbele, na imejengwa kwa mawe mahali ambapo kila mtu anaiona.

Linalonivutia zaidi kama mhandisi ni namna hisa zinavyopimwa. Mwenye hisa katika falaj hamiliki lita za maji, anamiliki muda. Athar moja ni kama nusu saa ya mfereji mzima, na zamani muda huo ulipimwa mchana kwa kivuli cha mti uliosimikwa na usiku kwa nyota. Fikiri maana yake. Mwaka wa mvua, nusu saa yangu ina maji mengi. Mwaka wa ukame, nusu saa yangu ina maji kidogo, na ya jirani yangu hivyo hivyo, na ya sheikh hivyo hivyo. Uhaba umegawika wenyewe kwa uwiano, bila mtu kukatiwa kabisa na bila mkubwa kupiga simu kwa mkubwa mwenzake. Sisemi falaj ni usawa. Yuko mwenye athar nyingi na yuko mfanyakazi wa shamba asiye na hata moja. Ninasema tu kwamba waliipanga kwa siku ya ukame, wakijua siku ya mvua haihitaji kupangiwa.

Gridi zetu zimepangwa kinyume chake. Umeme ukipungua robo, hatupunguziwi sote robo. Robo ya watu wanapata sifuri na waliobaki wanaendelea na viyoyozi vyao.

Kuna kisiwa huko magharibi ya Scotland kinachoitwa Eigg ambako wamefanya kwa umeme jambo linalofanana na falaj, na sidhani walikuwa na habari za falaj. Wakazi wake, ambao leo wamezidi mia kidogo, walikinunua kisiwa chao mwaka 1997 kwa michango baada ya miaka ya kuwa wapangaji wa mabwana wenye ardhi. Hawakuwa na kebo ya bara. Kila nyumba ilikuwa na jenereta yake ikinguruma. Februari 2008, miezi mitatu tu kabla ya Unguja kuingia gizani, wakawasha gridi yao wenyewe: maji ya kijito, mitambo minne midogo ya upepo, paneli za jua na betri, na jenereta ya akiba kwa siku mbaya. Kampuni ya umeme ni yao.

Kabla ya kuwasha walikubaliana sharti moja. Kila nyumba kikomo chake ni kilowati 5 kwa wakati mmoja, na kila biashara kilowati 10. Birika la chai la hapa peke yake linakula kilowati 3 hivi, kwa hiyo ukiwasha birika, mashine ya kufulia na jiko pamoja, umeme unakatika nyumbani kwako peke yako, na itabidi mtu aje akurudishie. Aibu yake ni kubwa kuliko gharama. Upepo na maji vikipungua, watu wanapewa ishara wapunguze, nao wanapunguza. Na siku upepo ukizidi, umeme wa ziada haumwagwi wala hauuzwi kwa mwenye pesa. Unapasha joto ukumbi wa jumuiya na makanisa. Neema inaingia nyumba ya wote kwanza, na dhiki inagonga kila mlango kwa nguvu ile ile.

Mwanauchumi atanijibu kwamba haya yote ni ya nini, wakati ipo bei? Umeme ukiadimika bei ipande, wasiouhitaji sana wataacha wenyewe. Hoja hii si ya kipumbavu, na kwa viwanda inafanya kazi vizuri. Lakini wasomaji wa Houston wanaijua Februari 2021. Texas iliamua zamani kutounganisha gridi yake kwa nguvu na majirani, isije ikaingia chini ya sheria za shirikisho, ikaacha bei ifanye kazi. Baridi ilipokuja bei ilipanda hadi kikomo cha dola 9,000 kwa megawati-saa moja, na bado nyumba zaidi ya milioni 4 zilikosa umeme, na hesabu ya serikali ya jimbo ni watu 246 waliokufa. Zamu za kukata hazikuzunguka, maana laini zilizosalia zilikuwa za kulinda hospitali na huduma. Basi maghorofa matupu ya katikati ya mji yakawa yanawaka huku watu wakiganda mitaani kwao. El Paso, mji wa Texas ulioungwa na gridi ya magharibi, haukupata masaibu yale. Bei inauliza nani ana pesa. Mgonjwa wa mashine ya oksijeni na mwenye bwawa la kuogelea wote wana uhitaji, lakini pesa zao hazilingani na uhitaji wao.

Jibu la pili halitoki kwa wanauchumi, linatoka kwetu sisi. Nalisikia kila tukikutana msibani au harusini: "Mimi nimeshamfungia mama paneli na betri, hana habari na mgao." Kila mmoja wetu mwenye uwezo anafanya hivyo, na sitamlaumu mtoto kwa kumwondolea mama yake giza. Paneli zimeshuka bei mno. Pakistan peke yake iliagiza mwaka 2024 paneli za takriban gigawati 17, nyingi zikaenda kwenye mapaa ya nyumba na viwanda vya wenye uwezo. Sasa gharama za nguzo, nyaya na mikataba ya mitambo ya zamani haziondoki kwa sababu tajiri amejitoa. Zinagawanywa kwa waliobaki, na waliobaki ni wale wasioweza kununua paneli. Bili yao ikipanda, wa kati naye anajitoa, na bili inapanda tena.

Ndiyo maana naiona paneli ya mama kuwa swali la kimaadili na si la ufundi tu. Siku mama yangu alipokuwa anazimiwa pamoja na mtaa, mimi wa London nilikuwa na sababu ya kupiga kelele. Nilimuuliza mjumbe, niliandika barua, nilichangia transfoma. Akishakuwa na betri yake, mgao unaendelea mtaani lakini sauti yangu imenyamaza, na sauti za walio ughaibuni si haba katika mitaa ile. Jirani yake ambaye hana mtoto nje amepoteza mtu wa kumsemea bila ya kujua.

Na tazama upotevu wenyewe. Mfumo wa kilowati 3 juu ya paa, betri zinajaa mapema mchana. Kuanzia saa saba hadi saa kumi hivi jua kali linapiga paneli na umeme hauna pa kwenda. Ukuta wa pili kuna mwanamke anayeuza barafu za ukwaju, na friza lake limezima kwa sababu ya mgao. Waya wa mita ishirini ungetosha. Kinachokosekana ni mapatano: analipa nini, nani anatengeneza kikiharibika, na betri ikibaki kidogo nani anaachwa. Pale Kinyasini, Unguja, kituo cha Barefoot College kimefundisha wanawake wa vijijini ufundi wa umeme wa jua, na kazi yao naiheshimu. Lakini hata pale msingi ni taa ya kila nyumba peke yake. Kuungana ni jambo gumu zaidi kuliko kuwasha.

Linafanyika, lakini. Kule Ludewa, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, vijiji vya Lupande, Mawengi na Madunda viliungana kwenye mtambo mmoja wa maji chini ya jumuiya ya watumiaji wenyewe, wakaiita LUMAMA, jina lililoshonwa kwa herufi za kila kijiji. Tofauti na betri ya paa moja, pale mto ukipungua unapungua kwa vijiji vyote, na wanaoamua wanaishi chini ya waya huo huo.

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli, na nisingependa kuuficha kwa hadithi tamu za visiwa. Eigg wanajuana kwa majina. Je, wasiojuana?

Kwenye milima ya Upare kuna mabwawa madogo yaitwayo ndiva. Mfereji unajaza ndiva usiku, mchana inafunguliwa kumwagilia. Ni betri, haina jina lingine. Wapare waliijenga kabla hatujasikia neno hilo. Katika bonde la Makanya, wilaya ya Same, wakulima wa Vudee walio juu na wa Bangalala walio kati walikuwa na mapatano ya zamu za maji, mengine kati ya mfereji na mfereji, mengine kati ya kijiji na kijiji. Watafiti waliofuatilia bonde lile miaka ya 2000 waliona mapatano haya yanashikwa vizuri ndani ya mfereji na kati ya mifereji jirani, maana watu wanaoana na kuzikana. Kadiri walivyoshuka bondeni yalivyozidi kulegea. Makanya, chini kabisa, waliishi kwa mafuriko ya msimu na kwa yaliyosazwa. Hakuna aliyewachukia, walikuwa mbali tu.

Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba watu wa kawaida wanaweza kutunza mali ya pamoja kwa kanuni walizotunga wenyewe, bila ya serikali kuwapokonya na bila ya kuiuza vipande vipande. Akasema pia kwamba mali ikiwa kubwa, kanuni lazima zipangwe kwa tabaka: kikundi ndani ya kikundi. Wengi humnukuu kwa lile la kwanza na kulisahau la pili.

Sasa chukua gridi ya kanda. Umoja wa umeme wa nchi za Afrika Mashariki, kwa kifupi EAPP, uliundwa mwaka 2005. Laini ya Ethiopia hadi Kenya, zaidi ya kilomita 1,000, ilianza biashara mwaka 2022, na ile ya Isinya hadi Singida inayounga Kenya na Tanzania iliwashwa Desemba 2024. Mwaka 2025 serikali ya Tanzania iliposema itanunua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa mikoa ya kaskazini, kulikuwa na kelele nyingi: tuna bwawa jipya, tununue kwa nini? Kitaalamu hoja ya serikali ilikuwa na mantiki, kwa kuwa umeme unaosafirishwa kutoka Rufiji hadi Kilimanjaro unapotea njiani. Swali nililolisubiri halikuulizwa: siku Ethiopia itakapokuwa na ukame, Moshi itakatiwa kabla au baada ya Addis Ababa? Hilo limo katika mikataba, na mikataba haibandikwi ukutani.

Wako pia walio chini ya waya wasiohesabiwa kabisa. Mradi wa upepo wa Turkana, mitambo 365, megawati 310, ulianza kulisha gridi ya Kenya kwa laini ya zaidi ya kilomita 400 kwenda Suswa. Wafugaji wa pande za Loiyangalani waliuona umeme ukipita juu ya vichwa vyao kuelekea kusini. Wenyeji walikwenda mahakamani, na Oktoba 2021 mahakama ya Meru ilisema hati za ardhi ile, ekari 150,000, hazikutolewa kwa kufuata sheria. Kampuni ikakata rufaa. Mimi ni mtu wa upepo, nautetea kila siku. Lakini ukiuita mradi ule ushirikiano, mfugaji yule ana haki ya kuuliza hisa yake ni athar ngapi.

Ninaloliona linawezekana ni kuijenga gridi kama ndiva, tabaka juu ya tabaka. Mtaa au kijiji kiwe na paneli zake, betri yake ya pamoja na orodha yake kiliyoitunga kwenye baraza. Kiungwe na gridi ya taifa, na ya taifa na ya kanda, lakini kwa mapatano yanayosema mapema: uhaba ukija, mtanipunguzia kwa uwiano, hamtanizima, mimi nitajua mwenyewe nani wangu wa kwanza na nani wa mwisho. Kiufundi hakuna muujiza hapo. Hata mita za kulipia kabla, kama Luku ya bara na Tukuza ya Zanzibar, zinatumia kanuni ya kimataifa ambayo ina nafasi ya namba ya kuweka kikomo cha wati. Mtaa wenye nyumba mia ukipewa wati 300 kila nyumba, taa zinawaka, simu zinachaji, feni inazunguka, na aliyekuwa na kiyoyozi anafungua dirisha. Kazi kubwa iko kwenye kumshawishi mwenye kiyoyozi.

Na kazi nyingine ni baraza lenyewe. Nimewahi kuwauliza jamaa zangu, kama mchezo tu baada ya chakula, waniandikie orodha ya mtaa mmoja: umeme unatosha vitu vitano, ni vipi? Friji ya chanjo ilipita bila ubishi, haili hata kama balbu kubwa za zamani. Pampu ya kisima ikapita. Cha tatu ndipo pakawaka moto. Shangazi mmoja alitaka friza la yule mwanamke wa barafu, kwa kuwa watoto wake wanakula humo. Mjomba akataka spika ya msikiti. Kijana akasema minara ya simu, maana bila simu hata pesa haitumwi, na akatutazama sisi wa ughaibuni kwa zamu. Tulifika saa sita za usiku, chai imepoa, na cha tatu hakijapatikana.